Harufu Ambazo Hazikuwamo Kwenye Glasi

Ukunda, Kwale
Jumapili, baada ya Adhuhuri

Dadangu Mwanakombo,

Shikamoo, Dada. Assalamu alaykum wewe na wote waliomo nyumbani. Nianze na goti lako la kulia. Mara ya mwisho uliniambia ukipanda ngazi za darini linalia kama mlango mkuukuu, nami nikacheka, kisha nikajilaumu kwa kucheka. Je, yale mafuta ya habasoda yamesaidia? Na shemeji Shee, kikohozi kimemwacha akalala? Mimi mwilini ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, sina homa. Yaliyo mabaya hayapo mwilini.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati sisi tumeshazoea simu. Nimeijaribu simu mara tatu. Kila ninaposikia sauti yako ikisema, "Athman, umekula?" yale niliyoyakusudia yananikauka mdomoni, nami nakujibu kwamba nimekula wali kwa samaki. Karatasi haiulizi kama nimekula. Barua hii anakuletea Bakari seremala, mwana wa Bi Amina, aliyekuwa akijenga Kombani na sasa anarudi Siyu kwa arusi ya nduguye. Hajui kilichomo. Nakuomba uisome peke yako, ukiwa umeketi.

Dada, mimi si mtu wa mapokezi.

Miaka saba iliyopita nilipokuja huku, nilikwambia nimepata kazi ya kuwapokea wageni kwenye hoteli ya Diani. Wewe ukafurahi, ukawaambia majirani, na nilipokuja Idi watu wakawa wananiuliza wageni ni wa nchi gani na wanasalimiana vipi. Ukweli ni kwamba nilianzia ghalani, nikibeba makreti, na haukupita muda nikaingizwa baa. Ndiko nilikokaa miaka yote hii. Nilivaa shati jeupe na tai nyeusi, nikasimama nyuma ya kaunta nikiwamiminia watu pombe. Nilijiambia kwamba uongo wangu si mkubwa, maana wageni kweli nawapokea, nawaambia karibuni. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Sijaionja. Hata tone. Hilo naliapia kwa Mungu, na katika barua hii yote ndilo jambo pekee ninaloweza kulisema nikiwa nimeinua kichwa.

Lakini pua niliitumia. Na pua hii unajua imetoka wapi. Baada ya mama kufariki, ulipokuwa ukipika udi uani, ulinifunga macho kwa leso ukanipitishia pamba puani. Hii nini? Sandali. Na hii? Waridi. Hii? Miski, lakini imetiwa maji. Ukacheka mpaka sufuria ikakaribia kuungua, ukasema, "Huyu hatapunjwa sokoni." Nilikuwa na miaka minane. Sikuwahi kusifiwa na mtu nikafurahi kama nilivyofurahi siku ile.

Basi siku moja mgeni aliacha glasi ya wiski mezani, nami nilipoiinua nikaioshe, harufu ikanisimamisha. Ilikuwa na moshi, na chumvi, na kitu kama kamba iliyoanikwa juani. Nikainua glasi ya meza ya pili. Hiyo ilikuwa wiski pia, lakini ilinukia asali na ganda la chungwa. Nilisimama pale na glasi mbili kama mtu aliyesahau njia. Mkubwa wa baa, ambaye sote twamwita Chifu, akaniona. Chifu ni mtu wa Msambweni, mtu mzima, mcheshi, na ndiye aliyenitoa ghalani akaniweka pale. Akanimiminia vikombe vitano bila kunionyesha chupa, akanambia, "Haya, Mwamu, tuone," maana kwake kila mtu wa pande zetu za Lamu ni Mwamu. Nilinusa nikavipanga, kila kikombe mbele ya chupa yake, sikukosea hata kimoja. Chifu alipiga kofi kaunta, akawaita wapishi waje watazame.

Tangu siku ile nikawa na jina. Wageni wakawa wanasema mwiteni yule anayenusa. Nami, Dada, nilipenda. Sitakuficha hilo. Nilikuwa nikisogea taratibu, nikiishika glasi kwa vidole viwili, nikifumba macho hata pale nisipokuwa na haja ya kuyafumba. Halafu jioni nikipita msikitini hapa Ukunda, nilikuwa nikinawa mikono mara tatu kabla hata ya kuanza kutawadha, nikiogopa mtu wa safu yangu asije akanusa.

Nikueleze kidogo mambo ya wiski, ili uelewe yaliyofuata. Huko Uskoti wanaipika kwa shayiri, kisha wanaifungia kwenye mapipa ya mbao, nayo inalala humo miaka. Kadiri inavyolala ndivyo bei inavyopanda. Sisi tulikuwa na moja iliyolala miaka ishirini na mitano. Ilikaa ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao Chifu peke yake. Tuliiuza kwa kipimo, kiglasi kidogo kama kikombe cha kahawa, na kipimo kimoja tu kilizidi mshahara wangu wa wiki mbili. Karibu kila mgeni aliyelitazama kabati lile aliuliza swali moja: hii inastahili bei yake? Na Chifu alikuwa na jibu lake. "Muulizeni Athman," alikuwa akisema. "Yeye hanywi, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya."

Maneno hayo niliyasikia miaka mingi. Nikafika mahali nikayaamini mwenyewe.

Mwezi uliopita ilikuja familia moja kutoka Makueni, mzee na watoto wake watatu wakubwa. Mzee anaitwa Nzioka. Alikuwa tabibu wa zahanati ndogo huko kwao mpaka alipostaafu, na walikuwa wamemleta bahari aione, maana alikuwa anatimiza miaka sabini na mitano na hajawahi kuikanyaga. Bintiye mkubwa, Ndinda, ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku ya pili, baada ya Alasiri, Ndinda alikuja kaunta peke yake. Akalitazama kabati, akanisimulia jambo.

Alipokuwa mdogo, ukutani kwenye zahanati ya baba yake palikuwa na kalenda iliyoachwa na mtu, yenye picha ya chupa ya wiski ya miaka mingi kama hii yetu. Kalenda ilikwisha mwaka wake, lakini mzee hakuibandua kwa kuwa ilifunika ufa. Kila mgonjwa akimtania kwamba daktari anapenda pombe, mzee alikuwa akijibu, "Hiyo nitakunywa siku nitakapomaliza kazi." Ilikuwa mzaha tu. Ila Ndinda alikuwa mtoto, akaichukua kama ahadi, akakua nayo.

"Kaka," akanambia, "mimi si mtu wa pombe, sijui hii mambo. Na hii kitu iko na bei. Wameniambia wewe ndiye husema ukweli. Ukiniambia haifai, nitamnunulia mzee keki na soda, hatanuna hata kidogo. Ukiniambia inafaa, nalipa vipimo vinne, tukunywe pamoja naye."

Ona vile alivyonirahisishia, Dada. Mlango aliuacha wazi kabisa.

Wote wakaja wakaketi. Mzee alivaa kofia ya nyasi aliyonunua Kona ya Musa, bado ina karatasi ya bei. Chifu akafungua kabati, akamimina kipimo cha kwanza, akakisukuma kwangu. "Athman, waambie wageni."

Nikanusa.

Chupa ile niliijua. Nilikuwepo siku ilipofunguliwa mwanzoni mwa mwaka. Ilikuwa na harufu ya sanduku la arusi lililofunguliwa baada ya miaka, zabibu kavu, ngozi iliyopakwa nta kama ya viatu vinavyoshonwa kwetu Siyu, na moshi wa mbali sana. Kilichokuwa kwenye kiglasi siku ile hakikuwa hicho. Kilikuwa wiski changa ya bei ya chini, ile ya kuchanganya na soda, yenye ukali wa spiriti na sukari iliyoungua. Niliijua mara moja, kama unavyoijua sauti ya jirani.

Nikainua macho. Chifu alikuwa anafuta glasi iliyokwisha kukauka. Hakunikonyeza wala hakunitisha. Alinitazama tu, kisha akatazama chini, akaendelea kufuta. Nikaelewa kila kitu.

Nami nikasema, "Inastahili, dada. Kila tone."

Laiti ningekomea hapo. Ndinda akauliza, "Unasikia nini ndani yake?" Nikafumba macho. Nikamwambia juu ya sanduku la arusi na zabibu na ngozi na moshi wa mbali. Nilizisifu harufu ambazo hazikuwamo kwenye glasi ile, na nilizisifu vizuri kuliko siku zote, kwa sababu nilikuwa nazikumbuka badala ya kuzinusa. Yule binti machozi yakamlenga. Akalipa. Wakanywa, wakapiga picha, na Ndinda akacheka kicheko cha mtu aliyemaliza safari ndefu. Mzee akanywa taratibu, akasema, "Nzuri." Lakini alipokuwa akisema hivyo alikuwa ananitazama mimi, juu ya ukingo wa glasi.

Walipoondoka nilimfuata Chifu ghalani. Hakujitetea sana. "Ile yenyewe nimeiuza nje zamani," akasema. "Mwamu, usiniangalie hivyo. Wale hawajui tofauti. Mtu halipii kilichomo kwenye glasi, analipia kwenda kusimulia kwamba aliinywa. Watasimulia mpaka wafe. Wameibiwa nini?" Akanishika bega. "Leo umenifaa. Sitakusahau."

Na mimi, Dada, nikakubaliana naye nusu. Niliwaza, kweli walifurahi, nani ameumia? Nikaenda zangu. Kilichonichoma hata sikijui vizuri. Labda ni lile neno "umenifaa". Lilikaa begani pale aliponishika.

Asubuhi yake nilikuwa napangusa viti kando ya bwawa. Nikamwona Mzee Nzioka anakuja peke yake, na kofia yake mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Sikuja kugombana nawe." Akaketi kwenye kiti nilichokwisha kukipangusa. "Mimi nimekuwa tabibu miaka thelathini na minane. Watu wa kwetu hawasemi wanapoumwa. Mama analetwa, namgusa tumbo, namuuliza, hapa panauma? Anasema hapaumi. Basi nikajifunza kutoyasikiliza maneno, nikawa natazama uso. Jana binti yangu alikuwa anakusikiliza maneno yako. Mimi nilikuwa nautazama uso wako uliponusa." "Sasa niambie. Panauma wapi?"

Nilijaribu kusema sielewi. Nikasimama na kitambaa changu, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, kama mtoto aliyeshikwa. Kisha nikamwambia. Kwamba haikuwa yenyewe. Kwamba nilijua tangu pumzi ya kwanza.

Hakushangaa. "Nilidhani hivyo," akasema.

"Mzee, nitakurudishia mimi mwenyewe, hata ikiwa kidogo kidogo..."

"Mimi sikukuuliza habari ya fedha." Akavaa kofia, akasimama kwa kujisukuma na magoti. "Wala si mimi niliyekuuliza swali jana. Aliyekuuliza yuko pale anakunywa chai."

Akaondoka kuelekea ufukweni, hakugeuka kunitazama kama nitakwenda au la. Angegeuka, nadhani ningepata kisingizio.

Nilikwenda. Ndinda alikuwa na ndugu zake wawili, anapaka mkate siagi. Nikamwambia vile vile, nikiwa nimesimama, na watu wa meza za jirani wakasikia. Alikiweka kisu chini polepole. Nilitegemea atapiga kelele. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Na yale maneno ulinipea mpaka nikalia, yalitoka wapi?"

"Yalikuwa ya chupa ya kweli, dada. Niliyakumbuka."

"Kwa nini hukuniambia tu haifai? Si nilikuambia nitanunua keki?"

Swali hili mpaka sasa ninapoliandika najiuliza. Naweza kusema nilimwogopa Chifu, au nilimwonea haya kwa kuwa alinisaidia. Hayo yapo. Lakini la ndani kabisa ni kwamba meza nzima ilikuwa inangoja niseme jambo zuri, na mimi nilitaka kulisema.

Ndinda alimwita meneja, mama mmoja mtulivu asiyepandisha sauti. Tukaingia ofisini kwake sote. Chifu akaitwa, akakana. Meneja akatoa chupa nyingine ya miaka ile ile aliyokuwa ameifungia kwenye kabati lake, akaukata utepe, akamimina kwenye glasi, na pembeni akamimina ile ya baa. Akanambia ninuse. Chifu akasema taratibu, "Athman, mimi ndiye niliyekuweka hapa." Hakusema kwa vitisho. Alisema kama mtu anayemkumbusha nduguye jina la baba yao.

Nikanusa, nikasema ipi ni ipi. Chifu akavua tai yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza ya meneja, akatoka. Nilifanya haki, sivyo? Basi mbona tangu siku ile nikiliona gari la kwenda Msambweni natazama pembeni?

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile ya kweli, Dada, nilipoinusa pale ofisini, katikati ya aibu ile yote, machozi yalinitoka. Haikuwa majuto peke yake. Harufu yenyewe ilikuwa nzuri mno. Ilikuja kwa zamu, moja inafunguka na nyingine inangoja nyuma yake, na ya mwisho ilibaki puani hata nilipokwisha kuiweka glasi chini. Nikawaza, hii angeielewa mtu mmoja tu duniani, naye ni dadangu, na ndiye mtu pekee nisiyeweza kumwambia kwamba nimeinusa. Unisamehe kwa kukwambia. Naona haya kwamba kitu kile kilikuwa kizuri kwangu.

Meneja akawarudishia fedha zao zote, na akamkaribisha mzee kipimo cha ile ya kweli, bila malipo. Mzee akakaa nayo mdomoni, akatikisa kichwa. "Hii ni kitu kingine kabisa," akasema. "Kweli kabisa, ni nzuri." Kisha akakisukuma kiglasi mbele. "Lakini ya jana niliinywa wewe, Ndinda, ukicheka. Leo umenuna. Ningeambiwa nichague, ningechagua ile ya jana, mbovu hivyo hivyo."

Ndinda hakucheka. Alinigeukia mimi. "Na wewe mwenye pua, sasa unasemaje? Hii inafaa bei?"

"Harufu yake ni ya kweli, dada. Ya bei, mimi si mtu wa kuulizwa tena."

"Hapo umesema," akanijibu. Waliondoka siku iliyofuata. Mzee aliniaga kwa mkono. Ndinda alipita.

Laiti mambo yangeishia hapo ningeweza kukuhadithia kama kisa cha mtu aliyekosea akajirudi. Hayakuishia hapo. Wiki ile ile meneja aliniita akanipa funguo za baa. Akasema anahitaji mtu mwaminifu. Dada, nilizichukua. Siku ya kwanza mpishi mmoja akaniita Chifu kwa mzaha, nami nikaitika. Nilizishika funguo zile siku kumi na moja, nikiwa nawaza mshahara mpya na kile chumba chenye vigae nitakachohamia.

Siku ya kumi na moja ndipo ulipoleta ujumbe wako wa sauti. Nilikuwa nimeketi kwenye kreti nyuma ya jiko. Ukasema umejiandikisha kwenye msafara wa Umra. Ukasema fedha nilizokuwa nikikuletea hukuzila, uliziweka miaka yote hii, na ndizo zitakazokufikisha. Ukasema, "Kila hatua nitakayopiga pale nitakuombea wewe, mdogo wangu, kwa kuwa ni jasho la mikono yako." Sikuweza kuusikiliza mpaka mwisho. Mpaka leo sijaumalizia.

Nilimwona Ndinda mbele yangu, na kisu chake cha siagi. Nikajua nimekuketisha mahali pale pale nilipomketisha yeye, tena kwa miaka saba, nikakusimulia harufu ya kitu kisichokuwamo.

Fedha zile, Dada, ni za baa. Nyingine ni mshahara wa kumimina pombe, na nyingine ni bakshishi za wageni waliofurahishwa na pua yangu. Mimi sina elimu ya kukwambia hukumu yake. Nilimwendea imamu mmoja hapa Ukunda, nikamwambia nina rafiki yangu ana jambo kama hili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanitazama, akasema, "Huyo rafiki yako kwanza amwambie dada yake. Halafu dada mwenyewe aje aulize, maana safari ni yake." Basi nakwambia. Muulize unayemwamini kabla hujalipa. Mapato yako ya udi ni yako, safi, umeyachuma kwa macho mekundu ya moshi. Hayo usiyachanganye na ya kwangu mpaka ujue. Na ikiwa kwa ajili yangu safari itakawia, ujue nimelielewa hilo kabla sijaiandika barua hii, na ndilo lililoufanya mkono uwe mzito.

Funguo nimezirudisha. Meneja alishangaa, akaniuliza kama nataka nyongeza. Nikamwomba anihamishe, popote pasipokuwa na chupa. Sasa niko chumba cha kufulia, pamoja na akina mama wanne wa Kidigo ambao tangu asubuhi hadi saa kumi hawaachi kusimuliana. Tunakunja mashuka. Mshahara ni mdogo kuliko wa zamani, kwa hiyo nitakacholeta kitapungua, na utakipata ukijua kimetoka wapi.

Msalimie shemeji Shee, mwambie nyavu alizoniagiza nimeshaziulizia kwa wavuvi wa Kibuyuni, zipo. Msalimie mwanetu Rukia, mwambie mjomba anafurahi kusikia amekuwa wa kwanza darasani. Bi Amina mpe pole ya mguu na hongera ya arusi. Mwalimu wetu wa chuoni, aliyetusomesha Kurani, naye msalimie, na akikuuliza kazi yangu, mwambie nitakuja kumweleza mwenyewe kwa mdomo wangu.

Bakari atarudi huku baada ya wiki moja, arusi ikimalizika. Nakuomba usinipigie simu kabla ya hapo, maana ukipiga utaniuliza kama nimekula. Mpe barua, hata mistari miwili, hata iwe ya matusi, nitaistahi. Na ukishika kalamu ukaona huna la kuniandikia, basi funga bahasha tupu uandike jina langu juu. Nitaipokea na kuiweka, nitajua angalau kwamba barua yangu uliisoma mpaka hapa.

Ni mimi nduguyo mdogo, niliyekukosea,

Athman